Majarida Aliyoniletea Mama

Sitakuambia nilikuwa na kilo ngapi. Najua kuna msomaji atakayepitisha macho haraka kwenye kurasa hizi akitafuta namba, aone kama amenishinda, na ninamjua kwa sababu nilikuwa yeye. Kama ndicho ulichofuata hapa, hutakipata. Lakini kama unataka kujua iwapo mtu anaweza kukataa chakula mpaka akaribie kufa, na chakula nyumbani kipo, na mama yake anampenda, kisha akapona, kaa nikusimulie. Yalinipata mimi.

Tulifika Sydney nikiwa na miaka kumi na miwili, mimi, mama na mdogo wangu Mumo. Kwetu ni Machakos. Baba alikuwa ametutangulia miaka mitatu, akifanya kazi kwenye ghala moja huko Wetherill Park, na nyumba tuliipanga Smithfield ili awe karibu na kazi. Mama alipata kazi katika makao ya kutunzia wazee. Mimi nikapelekwa shule na Kiingereza changu cha kusimama na kujibu swali, nikakuta wasichana wanaozungumza mbio na kumeza nusu ya kila neno. Muhula wa kwanza wote nilicheka wakicheka, bila kujua tunamcheka nani. Nilishuku tunanicheka mimi.

Mama akapata suluhisho. Wajukuu waliokuja kuwaona wazee pale kazini kwake walikuwa wakiacha majarida ya wasichana, yale ya karatasi inayong'aa, na badala ya kuyaacha yatupwe aliomba ruhusa akawa ananiletea. Kila Ijumaa mawili, matatu. Aliniwekea na kalamu nyekundu.

"Soma," aliniambia. "Kila neno usilolijua lizungushie, uandike maana kwa daftari. Utajua Kiingereza chao na utajua mambo yao."

Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza Kiingereza hivyo hivyo, kwa magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo hakuwa na shaka.

Na kweli nilijifunza. Nilijua Kiingereza cha nyonga na mapaja kabla sijajua namna ya kumwambia mwalimu kwamba sijaelewa. Neno la kwanza nililozungushia lilikuwa la kasoro, na yaliyofuata yalikuwa ya kuzificha kasoro hizo. Kulikuwa na ukurasa uliowagawa wasichana kwa maumbo ya matunda. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni nikajikuta mimi ni peasi, mwembamba juu na mpana chini. Shangazi zangu Machakos walikuwa wakinisifu kwamba nimeanza kujaza nguo. Hapa nikasoma kwamba peasi huvaa giza chini na rangi juu, ili watu watazame juu.

Ninachokishuku leo, na wakati ule hata hakikunipitia akilini, ni ile sauti. Jarida liliniita rafiki. Lilijua kwamba nina upweke, lilijua kwamba naogopa somo la kuogelea, lilijua kila kitu. Ukurasa mmoja uliniambia nijipende nilivyo, na niliufungua ule wa pili nikafundishwa namna ya kuwa mwingine kabla ya msimu wa bahari. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo dada mkubwa anavyosema, na mimi sikuwa na dada mkubwa. Katika majarida yote yale nilimwona msichana mwenye nywele kama zangu mara moja, kwenye picha ya kundi, nyuma, amekatwa bega.

Madaktari waliniambia baadaye kwamba karatasi peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Nakubali, shingo upande.

Nilianza kuruka milo kidogo kidogo, kwa woga, kwa visingizio vya mtoto. Kisha ikafika Januari, nikiwa na miaka kumi na minne. Kanisani kwetu Januari ni mwezi wa kufunga na kuomba, siku ishirini na moja. Tulikuwa Wakenya, Wakongo na Warundi katika ukumbi wa kukodi, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Watoto hawakulazimishwa. Nilijiunga mwenyewe, na hapo ugonjwa wangu ukapata nguo ya heshima ya kuvaa. Siku ishirini na moja zilipoisha watu walikula pilau, mimi nikaendelea kufunga. Nilimwambia mama naombea viza ya nyanya. Viza hiyo ilikuwa imekataliwa mara mbili na mama alikuwa amelia mara zote mbili. Angenikatazaje?

Jumapili moja mwezi wa pili Mama Mchungaji, aliyetoka Bukavu, alinisimamisha mbele ya vijana.

"Muangalie uyu mtoto," akasema, mkono wake begani kwangu. "Wenzake wanakula chips siku nzima, ye anaomba tu. Courage, ma fille, jikaze binti yangu."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama alikuwa mstari wa tatu, ameinua kidevu kwa fahari. Simlaumu Mama Mchungaji, maana niliyemdanganya ni mimi. Lakini wazazi wa makanisa yetu nawaambia hivi: mtoto anayeendelea kufunga wakati wenzake wameshakula, mchunguzeni. Nilipigiwa makofi nikifa polepole, na makofi yale niliyapenda.

Majani yalipoanza kupukutika nilikuwa navaa sweta mbili na wenzangu wamevaa mikono mifupi. Kiti cha plastiki cha darasani kiliniumiza mifupa. Nywele laini ziliniota mikononi, na za kichwani zikaanza kuniaga. Mama alipokuwa ananifumua rasta sebuleni, nywele zangu zilitoka pamoja na zile za dukani, naye akawa anazikusanya mapajani. Kwanza alimshuku msusi. Kisha akayashuku maji ya Sydney. Halafu akagundua kwamba sijaona mwezi tangu Krismasi, na hapo akashuku mvulana.

"Ni nani?" aliniuliza, amesimama mlangoni mwa bafu na kipimo cha mimba mkononi.

"Nani wa nini?"

"Mwende, usinichezee. Mwenye amekufanyia hivi."

"Hakuna mtu, Mama."

"Mwezi haupotei bure. Ingia, na usifunge mlango."

Kipimo kikasema hakuna mimba. Mama hakukiamini, akaenda duka jingine la dawa, mtaa mwingine kabisa, akanunua kingine. Nacho kikasema hivyo hivyo. Sasa ndipo alipoogopa, kwa sababu mimba angalau ni kitu alichokijua.

Alinipeleka kwa daktari wa mtaani kwetu akitaka kipimo cha tatu. Daktari hakufika huko. Alinishika kifundo cha mkono, akahesabu huku akitazama saa yake, akahesabu tena. Aliniambia nisisimame. Kisha akamgeukia mama akamwuliza kama ninakula.

"She is fasting," mama akajibu. "For God."

Nilimwona akijisikia alichosema. Aliweka mkono mdomoni na kuuacha hapo, na daktari akachukua simu kuita gari la wagonjwa.

Majira ya baridi ya mwaka ule niliyaona kupitia dirisha la wodi. Moyo wangu ulikuwa unapiga polepole mno. Waliniambia wazi kwamba ungeweza kusimama nikiwa nimelala. Unadhani habari kama hiyo inatosha kumfanya mtu ale. Haitoshi. Ugonjwa huu ni wa kushuku. Niliyashuku maji ya dripu, niliushuku mzani, niliwashuku wauguzi wakinong'ona. Zaidi ya wote nilimshuku mama, kwa sababu chakula chake ndicho nilichokipenda zaidi. Aliniletea ndengu kutoka nyumbani na nikamwambia zinanuka mafuta. Alilibeba lile bakuli akarudi nalo kwa basi, limejaa.

Baba alikuja akitoka kazini na viatu vyake vya ghalani vyenye chuma mbele. Siku moja baba mdogo alimpigia simu kutoka Nairobi, na simu ya baba ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote. "Mwambie aache mchezo," baba mdogo akasema. "Huo ni ugonjwa wa watu wameshiba." Baba alisema tutaongea, akakata. Kisha akatoa mfukoni vifuniko vya soda alivyokuwa amekusanya kazini, akachora drafti kwenye karatasi ya hospitali, tukacheza. Hakuniambia kula. Sijui kama alifanya vizuri au vibaya, lakini siku hiyo nilimpenda.

Aliyenifanya nile mara ya kwanza alikuwa muuguzi, Sista Achieng', Mjaluo wa Kisumu. Wengine wote walipenda kuniambia, ni kidogo tu, huwezi hata kukisikia. Yeye alinisogezea mkate akaketi.

"Hiyo imewekwa siagi," akasema. "Nimeona ikipakwa. Si kidogo."

Nilimkodolea macho. "Mbona unaniambia?"

"Kwani hauna macho? Nikikudanganya leo, kesho utakula nini kutoka kwa mkono wangu?"

Ule mkate ulinichukua karibu saa nzima na niliula na machozi mwanzo mpaka mwisho. Sista Achieng' hakunifuta wala hakunipigia makofi. Alinisimulia habari ndefu ya harusi ya binamu yake, ambayo bwana harusi alichelewa kwa sababu suti yake ilikuwa kwa fundi na fundi amefunga. Nilikula kwa sababu aliniambia ukweli. Hakukuwa na siri nyingine.

Nilirudi nyumbani mijakaranda ikianza kuchanua. Masharti yalikuwa mazito: wazazi wangu wapange kila mlo, mmoja wao akae nami mpaka nimalize, na kila wiki twende kliniki nikapimwe moyo na uzito, nimeupa mzani mgongo. Moyo ukishuka tena, narudi wodini na kulishwa kwa mpira wa puani. Mama aliomba likizo kazini. Mumo, aliyekuwa na miaka tisa, aliacha kunisemesha wakati wa chakula kwa sababu aliogopa atakosea neno. Mezani tulikuwa kama wageni.

Sasa nisikilize kuhusu chumba cha kusubiri pale kliniki. Viti vya kijani, tangi la samaki, na mezani, mbele ya watoto waliokonda kama mimi, rundo la majarida yale yale. La juu liliandikwa: Tumbo jipya kwa majira mapya. Mama aliyaona wiki ya kwanza.

"Nani anaweka hizi hapa?" akamwuliza msichana wa mapokezi kwa Kiingereza.

Alijibiwa kwamba watu huyaacha tu. Mama akayakusanya, akayaweka kwenye kiti chake, akayakalia. Wiki iliyofuata yalikuwepo mengine, akayakalia hayo pia. Wiki ya tatu hakuyakalia. Alikuwa ananitazama mimi, namna nilivyokuwa nikiuzungusha uso wangu mbali na meza ile kama mtu aliyeona mpenzi wake wa zamani. Tulipoitwa ndani, akalichukua rundo zima akalitia kwenye mkoba wake. Nilidhani anakwenda kulitupa.

Wiki hiyo hiyo nilimkamata. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, naye amenipa mgongo, akimimina malai, yale mafuta mazito ya maziwa, kwenye uji wangu na kukoroga haraka haraka. Pakiti aliisukuma nyuma ya ndoo ya takataka.

"Umetia nini?"

"Sijatia kitu. Ni maziwa ya kawaida."

"Nimekuona, Mama."

"Umeona nini? Kaa chini unywe uji."

Sikukaa. Siku hiyo na siku iliyofuata sikuweka mdomoni kitu chochote kilichopita mikononi mwake. Baba alijaribu, nikamwambia hata anacholeta yeye kimepikwa na mama. Kliniki ilikuwa kesho kutwa, na kila mtu ndani ya nyumba alijua mzani utasema nini. Mumo alianza kulia akiwa ameshika kijiko.

Jioni ya siku ya pili mama alipoteza uvumilivu.

"Sista Achieng' alikupa nini mimi sijakupa?"

"Aliniambia ukweli."

"Mimi ni mwongo?"

"Ulificha malai."

"Nimeficha malai." Alisema taratibu, kama mtu anayerudia shtaka alilosomewa. "Nimeficha malai ili moyo wa mtoto wangu usisimame. Na hawa wenye picha, watu hujawahi kuwaona, hawakujui jina, wao uliwaamini neno kwa neno. Mimi kijiko kimoja tu, ndio mwongo."

Alikwenda chumbani akafunga mlango. Nilimchukia kwa kuniuliza, na nilijichukia kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Asubuhi nilimkuta mezani. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea, kamusi pembeni, na mbele yake yale majarida ya kliniki pamoja na ya zamani, yaliyokuwa chini ya kitanda changu tangu mwaka wa kwanza. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwake. Hakuwa amelala vizuri, macho yalionyesha.

"Keti," akasema. "Nimesema nione ni nani alikuwa anaongea na mtoto wangu."

Nikaketi.

"Kazini wamenifundisha, usitie sahihi kitu hujakiona kwa macho yako. Sasa ona. Hapa anasema jipende. Nikafungua. Hapa anauza krimu. Kama unajipenda, krimu ni ya nini? Hapa huyu msichana anasema hafanyi kitu, anakula kila kitu anachotaka. Angalia hapa chini, maandishi madogo: picha imerekebishwa. Nani alipaka hiyo picha? Kiuno kimekatwa, hata mlango ulioko nyuma yake umepinda. Umeona mlango?"

Sikuwa nimewahi kuuona mlango. Niliuzungusha ukurasa kwenye mwanga. Mlango ulikuwa umepinda.

Tulikaa hivyo karibu asubuhi nzima. Mama alikuwa mkali kwa zile karatasi namna ambavyo hajawahi kuwa mkali kwangu. Alitaka kujua kila anayesema ni nani, anauza nini, na kwa nini anamwita mtoto wake rafiki na hajawahi kuja nyumbani. Nilimtafsiria pale Kiingereza kilipokuwa cha mtaani. Mara mbili nilicheka. Kisha akafungua jarida la zamani kabisa, lile la kwanza, akakuta maneno yaliyozungushiwa wino mwekundu kwa mwandiko wangu wa miaka kumi na miwili. Mapaja. Kasoro. Ficha. Alipitisha kidole juu ya kila duara.

"Kalamu nilikupa mimi," akasema. Akalia kwa sauti, bila kujifunika uso, na mimi nikalia naye. Nilikuwa sijamshika tangu hospitali. Nilimshika.

Baadaye alisimama akanawa uso, akawasha jiko. "Njoo uone ninachotia," akasema. Nilisimama kando yake. Akatia unga, maziwa, akaifungua pakiti ya malai mbele yangu akamimina bila kuniangalia, mengi kuliko siku ile. Nikaketi, nikanywa. Kliniki mzani haukuwa mzuri na moyo ulikuwa palepale ulipokuwa, lakini hawakunirudisha wodini.

Sitakudanganya kwamba uji ule uliniponya. Ulikuwa uji mmoja. Kiangazi kilipita, nikakonda kidogo tena, nikaongezeka tena. Mwezi uliporudi, mama alifurahi kiasi cha kumpigia shangazi simu, nikataka ardhi inimeze. Januari alikwenda mwenyewe kwa Mama Mchungaji kumweleza, na Mama Mchungaji akaja kwetu, akakaa kwenye kochi, akasema "pardon", samahani, mara nyingi, akala chakula chetu chote. Mama naye alikuwa amegeuka mpelelezi. Alikagua ndoo ya takataka, alikagua mifuko ya sare yangu, na Mumo alifanywa askari wake, akiripoti kwa Kiingereza chake cha Smithfield, "She ate it, Mum. I watched." Nilikasirika, lakini sikuwa na haki ya kulalamika. Shuku ile niliifundisha nyumba hiyo mimi mwenyewe.

Likizo ya mama iliisha wakati majani yanaanza kupukutika tena. Zamu yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa ghalani, Mumo kwa rafiki yake. Alinipakulia chapati na maharagwe, akavaa sare, akasimama mlangoni na funguo za gari.

"Kama hutakula niambie sasa, nisiende," akasema. "Sitakasirika. Nitapiga simu niseme naumwa."

"Nenda, Mama."

"Unanidanganya?"

"Sijui," nikamwambia, kwa sababu ndio ulikuwa ukweli. "Nadhani nitakula."

Nilifikiri atarudi aketi. Akatoka. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, kisha sikusikia kitu. Alikuwa amekaa ndani ya gari pale nje, bila kuliwasha. Kutoka alipo angeweza kuona dirisha la jikoni, na nilijua kwamba nikiinuka nikamwonyesha sahani tupu atakwenda kazini akiwa na amani. Sikuinuka. Nilimega chapati.

Nilikuwa bado sijafika nusu niliposikia gari likiwaka na kuondoka. Iliyobaki niliila bila shahidi.